Juno, Mbwa Asiyekosea Shimo

Jumamosi, 2 Novemba 1991

Leo nimepata mbwa. Jike, rangi ya majivu, miguu mirefu kama ngazi, mbavu unaweza kuzipiga marimba. Baba yake mbwa wa mbio, mama yake mbwa wa kuchunga kondoo. Kachukua mbio za baba na akili za mama. Hivyo ndivyo alivyoniapia mwenye mbwa, jamaa mmoja anayenunua vyuma chakavu. Nilimpa baiskeli yangu, tukabadilishana. Baiskeli haina breki, lakini hakuuliza, nami si mtu wa kuropoka.

Jina lake Juno.

Mama aliuliza baiskeli iko wapi. Nikamwambia nimeibadilisha. Akauliza kwa nini. Wakati huo huo Juno akaingia jikoni, akala siagi yote ya mezani na karatasi yake. Mama akawa amepata jibu.

Babu alimzunguka Juno na mkongojo wake, akamtazama meno, akamshika mgongo. Akasema mbwa ni mzuri, wasiwasi wake ni huo upande wa pili wa kamba. Sikumwelewa. Kamba ni mpya.

Sasa shughuli yenyewe. Kule juu kuna shamba la Bwana Raine, na sungura wanamalizia ngano yake changa. Anataka mtu wa kuwawinda majira yote ya baridi. Mtu mmoja tu, maana hataki njia yake igeuke soko. Tunaoitaka ruhusa hiyo ni wawili: mimi, Darryl Hepple, na Nevil Stobbs, mtoto wa mwenye bucha. Jumamosi ya tarehe kumi na sita Raine atatushindanisha. Atakayetoa sungura wengi, ruhusa ni yake.

Ruhusa lazima niipate mimi. Goti la Babu limekufa tangu mwaka juzi. Mashamba mengine yote huku ni kuparamia kuta za mawe na kuruka mitaro. Kwa Raine peke yake gari linafika mpaka chini ya mteremko wenye mashimo. Babu ataweza kukaa pale na vicheche wake wa kuwindia sungura kama zamani. Bado anafuga wawili bandani. Kila asubuhi anawalisha, anapiga nao gumzo kuhusu hali ya hewa, halafu hakuna anayekwenda popote, si wao wala yeye. Mama amesema wasipoanza kazi kabla ya Krismasi wanaondoka.

Babu sijamwambia kwamba nafanya hivi kwa ajili yake. Ataanza kujidai.

Jumatatu, 4 Novemba

Somo la kwanza: mbwa na kicheche wapendane. Kazi yetu iko hivi. Kicheche anaingia shimoni, sungura anatoka mbio, ananaswa na wavu uliotegwa mdomoni mwa shimo. Anayeponyoka wavu, mbwa anamalizana naye. Sasa mbwa asipomzoea kicheche, anamwona anachungulia pale mlangoni, anadhani ni sungura aliyekonda. Msiba.

Babu anasema njia ni moja. Wanywe maziwa bakuli moja, kila siku, taratibu, wiki nzima, wote wameshikwa. Mimi sina wiki za kuchezea. Nikaweka bakuli, nikamfungulia Olive (ndiye kicheche jike, mweupe, macho mekundu, tabia za mwalimu mkuu), nikaenda kujimiminia chai.

Niliporudi Olive alikuwa ananing'inia puani mwa Juno kama kipini. Juno hakubweka. Alikuwa anatembea polepole kulizunguka bakuli, kama mtu aliyefika ofisini na hajui amwone nani.

Babu akachechemea mpaka pale, akamdondoshea Olive maziwa mdomoni mpaka akaachia. Kisha akaniambia neno ambalo siliandiki humu kwa sababu Mama husoma.

Tathmini yangu: somo limefaulu. Juno sasa anamheshimu Olive kupita kiasi. Akimwona tu, anapanda kitandani kwangu.

Jumatano, 6 Novemba

Somo la pili, ndilo kubwa: kuonyesha shimo. Mbwa hodari hunusa mdomo wa shimo. Kama mna mwenyewe, anaganda, mguu mmoja juu, kichwa upande, mkia umekakamaa. Kama hamna mtu, anapita zake. Ndiyo inayokuepusha kutega nyavu kwenye nyumba zilizohamwa. Wazee wanasema mbwa huchukua mwaka mzima kuelewa.

Juno kaelewa alasiri moja.

Siri ni biskuti za tangawizi za Mama. Nilimpeleka nyuma ya reli ya zamani. Aliposimama kwenye shimo la kwanza, biskuti. La pili akasimama, biskuti. Kufika kile kichaka cha tatu alikuwa anasimama kabla sijafika, mguu juu, kichwa upande, mzuri mpaka unaweza kumchora. Halafu anautazama mfuko wangu. Heshima hiyo.

Nilimsimulia Babu. Akauliza ni sungura wangapi walitoka. Nikasema hakuna aliyetoka, sikwenda na kicheche, lilikuwa somo la nadharia. Babu akasema biskuti hutolewa sungura akitoka, si mbwa akisimama, la sivyo nitamfundisha kusimama tu. Nilimsikiliza kwa adabu. Babu ni mtu wa enzi za makaa ya mawe. Dunia imesogea.

Ijumaa, 8 Novemba

Mbwa huyu ana pua ya ajabu. Sina neno jingine.

Leo tulipita kijijini kwenda dukani. Juno akaonyesha mfereji wa nyuma ya kanisa. Akaonyesha sanduku la posta. Akaonyesha kiatu cha yule bwana anayesinzia kituo cha basi, tena kwa muda mrefu. Nani angefikiri kijiji chetu kimekaliwa na sungura kiasi hiki? Wako chini yetu wakati tunalala.

Akaonyesha pia bomba la moshi la gari la mchungaji. Mwenyewe alikuwa ndani ya gari, nikagonga kioo nikamwarifu kwamba ana sungura. Mchungaji alinishukuru, akaniuliza kama nyumbani kila kitu ni shwari. Nikamwambia shwari kabisa. Akasema atatukumbuka katika sala.

Biskuti zimepungua. Mama ameanza kutazama ndani ya kopo na kunitazama mimi.

Jumapili, 10 Novemba

Nimempeleleza Nevil Stobbs.

Nililala kifudifudi nyuma ya ukuta wa shamba la mjomba wake, Juno kando yangu. Nevil alikuwa na koti lake lile lenye mifuko mingi, kila mfuko una kifungo, kila kifungo kimefungwa. Ana mbwa mweusi anaitwa Tarn. Basi nikamtazama Tarn akifanya kazi, na nilibaki kuziba mdomo nisicheke. Shimo la kwanza, Tarn anapita. La pili, anapita. Ukingo mzima wa mashimo, mbwa anatembea kama anakagua nyumba za kupanga na hazimpendezi. Kapata moja tu mwisho kabisa. Moja! Juno angekuwa ameyaonyesha yote na bado ana nafasi ya dukani.

Ni kweli kwamba katika hilo moja alitoka sungura. Bahati.

Juno naye akauonyesha ufa wa ukuta, akapiga chafya. Nevil akageuka.

"Darryl? Unafanya nini kwenye matope, ndugu yangu? Njoo upande huu, kuna chai."

Huyo ndiye Nevil. Huwezi kumpeleleza vizuri, anakukaribisha. Akanimiminia chai ya chupa, akanikatia mkate wa nyama ya nguruwe, akauliza kuhusu goti la Mzee Hepple. Hata kujali kwake kunaudhi.

Nikamwambia tarehe kumi na sita alete leso. Akasema ana mafua kidogo kweli, nimejuaje.

Jumanne, 12 Novemba

Bwana Raine alituita kutugawia pande. Mteremko wake una mgongo katikati. Upande mmoja unatazama jua, mkavu, mashimo yamejaa kama chujio. Upande wa pili unatazama kijito, upepo unapita hapo unakata kama wembe, mashimo ya kuokoteza.

Raine akasema, "Stobbs, wewe jua. Hepple, wewe kijito. Na msinisumbue mpaka siku yenyewe."

Nikauliza kwa kigezo gani. Akasema kigezo ni kwamba Stobbs alifika wa kwanza akafunga geti nyuma yake, mimi nimefika wa pili nikaliacha wazi, na kondoo wake watatu wako barabarani saa hizi. Tulikwenda kuwarudisha. Juno alisaidia kwa kuonyesha mitaro.

Nyumbani nilimkuta Babu anasafisha banda la vicheche. Nyasi kavu walizolalia wiki nzima zilikuwa rundo pale nje, na harufu yake, jamani, unaisikia kwenye meno. Babu akasema mtu akiziweka nyasi hizo mlangoni mwa sungura, sungura anahama na familia yake na harudi mpaka mvua izioshe.

Aliyasema kama maneno ya kupitisha muda. Akainuka taratibu, mkono kwenye goti, akaingia ndani.

Mimi nikabaki nalitazama rundo. Kichwa changu kikaanza kufanya kazi. Nikawaza: sungura wa upande wa jua wakihama, watahamia wapi? Si watavuka mgongo tu, waje kwangu?

Shule walikuwa wanasema sina subira ya hesabu. Waje waone hesabu hii.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku mbaya. Shangazi Enid alikuja kutembea, Mama akafungua kopo la biskuti mbele yake, mlikuwa na makombo na unyoya mmoja wa mbwa. Mama aliaibika. Alisema maneno mengi, nusu yangu na nusu ya Juno, na mengine ya marehemu bibi yake aliyetuachia sote ukaidi. Nilijaribu kueleza kwamba ni vifaa vya mafunzo. Shangazi akasema zamani kijana wa umri wangu alikuwa chini ya ardhi anachimba makaa, hana nafasi ya kula biskuti. Nikasema sikula mimi. Juno akaja akasimama mbele ya mkoba wa Shangazi, mguu juu, kichwa upande.

Mlikuwa na keki ndani. Pua ya ajabu.

Mama amesema jambo jingine baadaye, kwa sauti ya chini, wakati Babu amelala kwenye kiti. Kuna mtu wa kijiji cha pili anataka kuwachukua vicheche. Amemwambia asubiri mpaka Jumapili, ajue Raine atasemaje.

Basi kesho nyasi zinakwenda.

Ijumaa, 15 Novemba

Kazi imefanyika, na imefanyika vizuri.

Nilizishindilia nyasi kwenye gunia, nikapanda mpaka kwa Raine kwa miguu. Ningepanda basi, ila dereva alikataa baada ya kuvuta pumzi. Mbwa wa kijiji walinisindikiza mpaka darajani.

Raine alikuwa mnadani na ng'ombe. Nikaanza kazi upande wa jua. Kila shimo konzi moja, ndani kabisa, nikisukuma na fimbo. Sikuruka hata moja. Mikono yangu inanuka mpaka nikila mkate nautazama kwanza. Nilipokuwa namalizia, Bi. Raine alinipungia mkono kutoka dirisha la jikoni. Nikampungia. Watu wakarimu.

Nikarudi, nikajilaza kwenye beseni la kuogea. Mama akamwaga maji, akaniambia nioge tena.

Babu alikuwa anapaka mafuta buti zake. Hajazivaa tangu goti lilipoharibika. Alizipaka, akazifuta, akazipaka tena. Akaniuliza kama nadhani kesho kutakuwa na ukungu. Nikamwambia Babu, kesho chukua magunia ya kutosha ya kubebea sungura. Akatabasamu kidogo. Nilikwenda kulala nimeshashinda.

Jumamosi, 16 Novemba

Niandike haraka kabla sijatulia.

Asubuhi ukungu, kisha jua. Bwana Raine alitusubiri chini ya mteremko, mikono mfukoni. Binamu yake Mama alituleta na gari lake, tukamkalisha Babu juu ya kreti, sanduku la vicheche miguuni pake. Buti zilikuwa zinang'aa. Raine akasema tunaanza sasa, tunamaliza saa sita, anayeongea kwa sauti anaenda nyumbani maana sungura wana masikio.

Hapo Nevil akafungua mdomo.

"Bwana Raine, kama hutajali. Upande wa kijito una upepo, na goti la Mzee Hepple litamsumbua. Wao wachukue upande wangu wa jua. Mimi nitakwenda kijitoni."

Raine akasema kwake sungura ni sungura.

Babu akasema, "Ahsante sana, mwanangu. Umelelewa vizuri." Akanitazama mimi kama vile sentensi hiyo ilikuwa na nusu ya pili.

Nilitaka kupinga. Nikasema upande wa kijito una hewa safi, ingelifaa goti. Babu akasema hajawahi kusikia goti linalopumua. Nikasema jua nalo lina madhara yake. Raine akasema kijana, unataka kushindana au unataka kutabiri hali ya hewa? Kreti ikahamishwa, Babu juu yake akifurahia jua usoni, na mimi nikabaki mbele ya mashimo niliyoyaondolea sungura kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikajipa moyo. Labda nyasi hazikufanya kazi. Nikamwachia Juno aseme yeye.

Na Juno akasema wamo! Shimo la kwanza, mguu juu. La pili, mguu juu. Mteremko mzima, hakuacha hata moja. Karibu nimbusu. Nikampa biskuti (nilinunua mpya, Mama asijue), nikatega nyavu. Nyavu zikaisha. Nikatumia mfuko wa vitunguu, na skafu yangu, na shati la ndani. Nikamwingiza Olive.

Olive akaingia, akatoka. Nikamwingiza shimo la pili. Akatoka, akapiga mwayo. Shimo la tatu alitoka kinyumenyume, kama mtu aliyefungua choo akakuta si chake.

Babu akasema kwa sauti ya chini, "Olive anasema hakuna mtu."

Nikamwambia Juno anasema wamo.

"Basi mmoja wao halipwi biskuti," Babu akasema.

Wakati huo ng'ambo ya mgongo kulikuwa na sherehe. Kila tukigeuka, wavu wa Nevil unaruka. Tarn anakimbia huku, anakimbia kule, ulimi nje. Nevil alikuwa anafungua vifungo vya mifuko yake kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Raine alikuja akasimama karibu nasi, akasema tangu azaliwe hajaona sungura wengi namna hiyo upande wa kijito, kana kwamba wamefukuzwa kwa kutolipa kodi. Nikasema asili ina maajabu.

Saa sita inakaribia, sina kitu. Ndipo Juno akashuka mpaka chini kabisa ya mteremko na kuganda mbele ya bomba. Bomba la udongo, linatoka kwenye nyasi. Mguu juu, kichwa upande, nakuambia alitetemeka. Nikasema hawa hapa, wamejificha wote humu. Babu akasema, "Hilo ni bomba la maji machafu. Darryl. Usimwingize." Lakini Babu alikuwa mbali, kwenye kreti, na Olive alikuwa mkononi mwangu.

Nikamwachia, akatokomea bombani. Nikalala chini nikasikiliza. Nikasikia maji.

Halafu Bi. Raine akatokea uani, amevaa aproni, amebeba ndoo iliyofunikwa sinia. Mwanamke mpana, hana haraka. Akateremka mpaka kwetu, akaiweka ndoo mbele ya mumewe.

"Wa nani huyu? Namenya viazi vyangu, kapanda kutoka kwenye mfereji, kaingia jikoni kama mpangaji. Kajipangusa kwenye zulia."

Babu akafunua sinia, akamtoa Olive, akamkausha na skafu yake mwenyewe. Nikaona niseme mimi. Nikasema inathibitisha kwamba Juno hakukosea, maana mwisho wa bomba mlikuwa na mtu, ndiye Bi. Raine.

Bi. Raine akanikazia macho.

"Ngoja. Wewe si ndiye kijana wa jana? Uliyekuwa unajaza nyasi mashimoni, upande huu huu? Nikasema Raine kaajiri mtu wa kuziba baridi."

Raine akapiga goti kwenye shimo la karibu, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa konzi ya nyasi. Akainusa. Macho yakamtoka machozi, na huyo ni mtu wa ng'ombe. Babu hakuhitaji kunusa. Nyasi zake anazijua hata akiwa amekaa mbali.

Nevil alikuwa amefika, mikono imejaa sungura. Akasema labda Darryl alitaka kuwapasha joto. Alikuwa ananitetea. Sikuwahi kumchukia mtu kiasi kile.

Raine akasema ruhusa ni ya Stobbs. Akasema na wewe Hepple mdogo, kila unyasi ulioingia utatoka kwa mkono wako, na geti utalifunga.

Nilimtazama Babu. Alikuwa anamfungia Olive sandukuni, taratibu, kidole kimoja kimoja. Uso wake ulikuwa umerudi ule wa kila siku wa kwenye kiti. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuipenda.

Kisha Nevil akaenda akachuchumaa mbele ya kreti. Sikusikia yote. Nilisikia kwamba yeye vicheche wake wawili hawatoshi kwa mteremko huu, kwamba gari la bucha lina nafasi mbele, kwamba kila Jumamosi anaweza kumpitia. Babu akaangalia kule kijitoni, akamwambia nyavu zake anazitega karibu mno na mdomo, sungura anaziona. Nevil akasema, "Nifundishe, Mzee."

Nilitoa nyasi mpaka jioni. Juno alinisaidia, alionyesha kila shimo. Nilimpa biskuti zilizobaki, alistahili.

Jumapili, 17 Novemba

Mama amemjibu yule mtu wa kijiji cha pili kwamba vicheche hawaendi popote, wamepata kazi. Babu anapiga mluzi bandani tangu asubuhi. Jana njia nzima ya kurudi aliniuliza swali moja tu: Olive alalie nini usiku huu, kwa kuwa nyasi safi nazo nilizichukua.

Nimefikiri sana. Nilitaka Babu atoke, ametoka. Nilitaka vicheche wabaki, wamebaki. Kwa hiyo mpango wangu umefaulu kila mahali isipokuwa kwenye kushinda. Nilimweleza Mama hivyo. Mama akaniuliza kama nakumbuka ile baiskeli, akasema yule jamaa wa vyuma chakavu amejigonga nayo kwenye ukuta wa kanisa, na anakuja kuongea nami.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekwenda kwa Raine. Kubeba sepeto la Nevil. Nilikubali kwa sababu lazima mtu amwangalie Babu.

Babu alikaa kwenye kreti akitoa amri kama nahodha. "Stobbs, huo wavu ulegeze. Stobbs, simama upande wa upepo." Nevil anajibu ndiyo Mzee, ndiyo Mzee. Wakala mkate pamoja. Babu akacheka mpaka akashika goti. Mimi sikuona cha kuchekesha, ingawa nilikuwa ndiye niliyetumbukia kijitoni.

Jambo la kusikitisha ni Juno. Nevil aliniomba biskuti zangu, nikampa nikidhani ana njaa. Kumbe! Akawa hampi Juno chochote akisimama. Anampa sungura akitoka tu. Kufika mchana mbwa wangu alikuwa anapita shimo baada ya shimo bila hata salamu. Mteremko mzima ameonyesha mashimo matatu. Sungura walitoka katika yote matatu, sawa, lakini nani anataka mbwa wa matatu? Alikuwa anaonyesha yote! Nimemrudisha nyumbani haraka, nimenunua pakiti mbili za tangawizi, kesho tunaanza upya kuirudisha pua yake.

Kwa bahati nzuri Raine alisema mbele yangu kwamba Bi. Coulthard, mwenye shamba la kule ng'ambo ya daraja, naye analiwa na sungura. Naye anataka mtu mmoja. Naye atashindanisha watu wawili, mwezi ujao, upande huu na upande huu. Mmoja wao atakuwa mimi, nimeshajiandikisha.

Nimekaa kuchambua kosa la kule kwa Raine lilikuwa wapi, kwa sababu mtu mwenye akili hujifunza. Nimeliona. Kosa lilikuwa kuweka nyasi upande mmoja. Unaweka upande mmoja, mtu mwema anakuja anabadilisha, umekwisha.

Safari hii sibahatishi. Babu anasafisha banda Jumatano. Nitachukua magunia mawili, nijaze pande zote mbili. Wabadilishane watakavyo, upande wa mwenzangu utakuwa mtupu.